Niliitika Wito wa Kivukoni

Kabla hujasema vijana wa siku hizi waongo, ngoja nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana huo hata ukiniamsha usingizini sitaukana. Nilichukua sauti ya marehemu, babu yake bibi yangu mzaa mama, nikaifanya mlio wa simu. Halafu simu ikalia nikiwa Kivukoni, ukingoni mwa mto, alfajiri. Na mimi kwa kiherehere changu nikaitika. Sikupokea simu. Niliitika ile sauti.

Haya, cheka. Cheka sasa hivi, kwa sababu huko mbele nafasi itakuwa ndogo. Haya mambo yalinipata mimi, si rafiki wa rafiki yangu, na shahidi wangu ni mjomba Fabi, mtu ambaye hata soda anaionea wasiwasi. Ukitaka kumuuliza, muulize mchana. Jioni hakubali kuyazungumzia.

Yote yalianzia kwa dada yangu Sesilia, anayesoma historia chuo kikuu. Bibi alikuwa na swali moja maisha yake yote: babu yake alipotelea wapi? Tulichojua ni kidogo. Alikuwa mvushaji pale Kivukoni, kabla ya daraja, hata kabla ya pantoni. Ukitaka kuvuka unasimama ng’ambo unaita, yeye anakuja na mtumbwi. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipofika bondeni kwetu, Wajerumani wakamkamata akabebe mizigo ya jeshi. Akaondoka na mzigo kichwani, mkewe akiwa na mimba, na hakurudi. Hakuna aliyemzika.

Basi Sesilia akaanza kuwaandikia Wajerumani. Anasema wale watu hawatupi kitu. Walivyoondoka huku walibeba ngoma, mikuki, wadudu waliokaushwa, mpaka mafuvu ya watu, na vyote wameviweka kabatini vizuri. Shida ni kwamba majina yetu waliyaandika jinsi walivyoyasikia, kwa hiyo dada akaliandika jina la babu kwa kila namna ambayo mtu mwenye mafua angeweza kulitamka. Huku wanamjibu hawana, kule wanamwambia aulize kwingine. Mwaka ukaisha. Siku moja watu wanaotunza sauti za zamani wakamjibu: tunaye.

Kaburi hakuna. Habari za kifo chake hakuna. Kilichopo ni sauti. Mzungu mmoja alipita kambini kwa wapagazi na mashine yenye pembe la bati, akawaambia waimbe na waseme, sauti zikajichora kwenye nta, nta ikapakiwa melini. Na mmoja wao alitaja jina lake, akasema kwao ni Ifakara, kisha akaita mtumbwi kama wanavyoita kwao. Kwa hiyo katika ukoo wetu mzima mtu pekee aliyewahi kufika Ulaya ni huyo, na hata yeye ilifika sauti tu.

Majina yao sitayataja, la kwake wala la Bibi. Utaona kwa nini.

Dada alipoituma ile sauti kwenye group la familia, Bibi alikuwa kitandani. Tangu masika miguu ilikuwa imemvimba, hali chakula vizuri, anaongea habari za watu waliokufa kama vile wametoka kwenda sokoni. Alipoambiwa babu yake amepatikana, akasema, “Nichezesheeni nimsikie. Nikijua alipo nitamfuata nikampokee mzigo.”

Mama akafunga mjadala palepale. Kwetu wanasema aliyekufa bila kuzikwa akishapata njia ya nyumbani haondoki mikono mitupu, anaondoka na wa kwake.

“Sauti hiyo haitalia ndani ya nyumba hii,” mama akasema. “Mama yangu akiisikia ataondoka nayo. Mnanielewa?”

Tukaelewa. Mimi nilielewa zaidi ya wote: ndani ya nyumba hairuhusiwi. Nje hakusema. Basi nikaiweka kwenye simu, nikifika nyumbani nauzima mlio, nikitoka naufungua. Kijiweni ikawa burudani. Ikilia tu wenzangu wanapiga kelele, “Oya, babu yako anataka lifti!” Na kweli ilikuwa inachekesha: kwanza mkwaruzo kama mtu anakaanga dagaa, halafu kutoka mbali, kwa Kindamba, lugha ya kwetu, sauti ya kijana inavuta: eeeee mwenye mtumbwi eeee, nivusheee.

Jumamosi moja nikaenda na mjomba Fabi kukagua nyavu. Mjomba ni mdogo wake mama, mvuvi, mtumbwi wake ni wa mti mmoja. Tulifika Kivukoni jua halijatoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji mpaka daraja hulioni, unasikia tu malori yakiunguruma hewani kama yanapita mbinguni. Mjomba alikuwa anafungua kamba. Simu ikalia. Mama huyo, bila shaka anataka kutukumbusha kambale wa mboga.

Sauti ile ikatoka juu ya maji. Mwenye mtumbwi eeee, nivusheee.

Sasa niambie ukweli, wewe ungeacha? Mahali penyewe ndipo pale, mtumbwi upo, ukungu upo. Nikaweka viganja mdomoni, nikavuta pumzi, nikajibu kama wavushaji wa zamani: “Nimesikiaaa! Ngoja hapo, nakujaaa!”

Nikageuka nimwone mjomba anavyocheka. Hakuwa anacheka.

“Umeitika?”

“Utani tu, mjomba.”

“Sijakuuliza utani. Umeitika?”

“Nimeitika.”

Akaiachia kamba. “We mtoto una wazimu. Mtu akiita kivukoni, unaweza kunyamaza. Kunyamaza ruhusa. Una kazi nyingine, umelala, humpendi, nyamaza. Lakini ukishamjibu nakuja, unakwenda. Awe adui yako, awe mwenye ukoma, unakwenda. Baba yetu alitufundisha hilo kabla hatujajua kushika kasia.”

Nilikuwa nataka kumjibu kitu cha kuchekesha. Nilikuwa nacho tayari, kizuri tu. Lakini wito ukatoka tena.

“Zima hiyo simu,” mjomba akasema.

Nikamwonyesha. Kioo cheusi. Chaji ilikuwa imekata pale pale mama alipokuwa anapiga.

Tukasimama. Wito ukaja mara nyingine, na safari hii hapakuwa na ule mkwaruzo wa dagaa. Ilikuwa sauti safi, ya koo la mtu, kutoka ng’ambo. Tena ilikuwa na haraka, kama mtu aliyeambiwa anafuatwa akaona anacheleweshwa.

“Twende,” nikasema.

“Twende na nani? Mimi sijaitika.” Mjomba alikuwa ameishika rozari yake hata sikuona aliitoa wapi. “Aliyeitika ndiye anayekwenda, na anakwenda peke yake. Usipokwenda atavuka mwenyewe, na akivuka mwenyewe atafika nyumbani kwa hasira.”

Nyumbani. Nilimwona Bibi kitandani na miguu yake.

Mjomba akanishika bega. “Sikiliza. Ukiwa naye majini usimdanganye. Mtumbwi haubebi uongo pamoja na mtu kama yule. Lakini mama usimtaje. Umenisikia? Akuulize asiulize, mama yangu, bibi yako, usimtaje.”

“Sasa nisidanganye na nisiseme, nifanyeje?”

“Ndiyo ujue kazi ya mdomo wako,” akasema, akausukuma mtumbwi.

Niamini, mimi si mwoga wa maji. Nimekulia hapo. Lakini asubuhi ile kila kasia lilikuwa kama nalitia kwenye uji. Kiboko mmoja akapuliza pua karibu nami, nikafurahi kumsikia, maana kiboko ni kitu cha kawaida. Nikatazama nyuma, mjomba hayupo, ukungu umemla. Nikatazama mbele, kukatokea matete, halafu mtu.

Unatarajia mzee, sivyo? Na mimi nilitarajia mzee. Mvi, mkongojo, macho mekundu. Alikuwa kijana. Kijana kabisa, umri wa kaka wa mtu, mwembamba, kitambaa kiunoni, shingo imesimama wima kama bado ana mzigo kichwani na anaogopa usianguke. Masikio yametokeza kama ya mama. Kama yangu.

Kichwa changu, hata katika hali ile, kikaanza kubishana: nimpe shikamoo au nimpe mambo vipi?

“Shikamoo,” nikasema.

“Marahaba,” akajibu, akaingia. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno analichagua.

Kitu kilichonitisha kuliko vyote ni uzito. Si wanasema mizimu ni upepo? Huyu alipokaa, mtumbwi ulishuka mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Alikuwa mzito kama watu watatu. Nikageuza mtumbwi, nikaanza kurudi, yeye kanikalia mbele ananitazama.

“Mmechelewa,” akasema. “Maji yalikuwa mengi?”

Alinipa jibu mwenyewe, umeona? Kwa huruma kabisa. Nikalipokea. “Ndiyo, babu. Maji yalikuwa mengi.”

Mtumbwi ukalala ubavu. Hakuna wimbi, hakuna kiboko, ukalala tu, maji yakaingia mpaka magotini kwangu, na yeye hakutikisika. Hapo nikaelewa kwamba mjomba Fabi hakuwa anahubiri.

“Hapana!” nikapiga kelele. “Hapana, hatukuwa tunajua kama unaita! Sauti yako waliondoka nayo wazungu. Imeturudia juzijuzi tu.”

Mtumbwi ukakaa sawa. Yeye akatikisa kichwa polepole, ile shingo bado wima.

“Waliniambia nisogeze mdomo kwenye pembe la bati, niite. Nikawauliza, nimwite nani? Wakasema ita tu. Mimi nimevusha watu tangu mtoto, sijaona mtu anaita tu. Ukiita, kuna mtu unamwita. Basi nikaita watu wangu.” Akageuzia sikio ng’ambo. “Nikasikiliza. Hapakuwa na aliyejibu. Nikasema watakuwa wameenda shamba.”

Mimi ni mtu wa maneno. Darasani nikinyamaza mwalimu anadhani ninaumwa. Pale nikapiga kasia tu.

“Mke wangu amejifungua?”

“Amejifungua,” nikasema. Lilikuwa la kweli, mtumbwi ukatulia.

“Mtoto gani?”

“Wa kiume.”

Wewe, alivyocheka! Alifunika uso kwa viganja viwili akacheka mpaka mtumbwi ukacheza, nami nikang’ang’ania kasia nikisali tusizame kwa furaha. Akauliza jina. Nikamtajia. Akalirudia kimoyomoyo, midomo inatembea.

“Ni mkubwa sasa? Anatembea?”

Ungemjibuje? Yule mtoto wa kiume ndiye baba yake Bibi. Alitembea, alioa, alilima mpunga, alizeeka akapofuka, akafa kabla mimi sijazaliwa, kaburi lake liko Mbingu. Na usidhani nafanya utani, Mbingu ni kijiji, kiko njia ya Mlimba.

“Alikuwa mkubwa,” nikasema. “Alikuwa mkubwa kukushinda wewe. Amelala, babu. Walimzika vizuri, na padri alikuwepo.”

Hakulia. Aliyatazama maji muda mrefu. Ukingo wa kwetu ulianza kuonekana, mjomba amesimama kama nguzo. Nikasema moyoni, piga kasia, piga kasia, karibu. Halafu akainua macho.

“Sasa nyumbani kuna nani?”

Nikahisi mtumbwi unanisikiliza. Nakwambia ukweli, ulikuwa unanisikiliza.

“Kuna mama yangu,” nikasema. “Mkali. Mamba wa mto huu wakimwona wanampisha.”

Akatabasamu. Mtumbwi ukakaa. Kumbe utani unapita, mradi uwe wa kweli! Nikaongeza, “Ana mwiko mmoja jikoni, nyanya hauzijui, dagaa hauwajui. Unajua mgongo wangu tu.”

“Hata mama yangu alikuwa nao,” akasema, akacheka kidogo.

“Na anaanza kupiga kabla hajauliza. Akishauliza akikuta huna kosa, anasema weka akiba.”

Akacheka tena. Hatua chache za maji zilibaki. Nilidhani nimemshinda. Mtu mwenyewe ni babu wa bibi yangu, nadhani nimemshinda! Akaacha kucheka ghafla, akainama mbele, uso wake karibu na wangu, na pumzi yake haikuwa na joto wala baridi.

“Mwanangu,” akasema, “naye ana watoto?”

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilisukuma kasia kwa nguvu zangu zote, mpaka leo bega hili linauma likikumbuka. Ulimi ulikuwa tayari kulitamka jina la Bibi, uongo wangu ulikuwa tayari vilevile, vyote viwili vinasukumana mlangoni. Maji yakaanza kupanda ukingoni. Pua ya mtumbwi ikagonga mchanga.

“Tumefika, babu,” nikasema.

Na tulikuwa tumefika kweli.

Akashuka. Mtumbwi ukaruka juu kama kizibo, nikaanguka chali. Ukungu ulikuwa unaanza kukatika, daraja likatokea juu yetu, lori likapita. Akalitazama kwa kustaajabu.

“Wanavuka bila kuita?”

“Bila kuita.”

“Sasa mtajuaje nani amekuja?”

Akaniuliza njia ya kwenda kwa mwanawe, nikamwelekeza afuate reli, asiingie mjini, reli itampeleka mpaka Mbingu. Akaenda. Hakuyeyuka, hakupotea kimiujiza. Alitembea tu, na ile shingo, mpaka nyumba za wavuvi zikamficha. Mjomba anaapa hakumwona mtu. Aliniona mimi narudi peke yangu ndani ya mtumbwi uliokaribia kuzama, nachekesha hewa.

Sasa baada ya hapo. Wiki ileile, shangazi yetu wa Mbingu alimpigia mama simu akiuliza nani kati yetu amekwenda kufagia kaburi la baba yake Bibi, mbona hakupita kusalimia. Palikuwa pamefagiliwa safi, majani yamerundikwa pembeni. Tukasema hatujui. Halafu muuza samaki mmoja akasema kuna kijana mpole anapita asubuhi asubuhi, anauliza kama marehemu fulani aliacha mtoto yeyote hai. Huyo muuzaji aliulizwa huko Mbingu. Baadaye akaulizwa mwingine, karibu zaidi na Ifakara.

Ndiyo maana nyumbani jina la Bibi halitamkwi. Siku hizi anaitwa mgeni. “Mgeni ameamka? Mgeni amekula?” Na mimi siitiki tena. Ukiniita nakuja kukutazama usoni kwanza. Mwalimu akiita majina mimi nanyoosha mkono tu, ameshachoka kuniadhibu. Ile sauti niliifuta, lakini nikipita darajani nikiwa kwenye bodaboda naziba masikio, dereva anadhani ni upepo.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukiwaandikia watu wa mbali wakutafutie wazee wako, waandikie, si dhambi. Lakini wakikurudishia sauti, isikilize na mdomo umefungwa. Na ukikutana na kijana mwenye shingo iliyosimama wima, akakuuliza kwa adabu njia ya nyumba ya wajukuu wa mtu, usimdanganye, nakuomba. Mchekeshe. Mchekeshe mpaka ufike unakokwenda.

Ila sijakuambia kuhusu mama. Asubuhi ile niliporudi nyumbani nimelowa, nilimkuta Bibi amekaa nje kwenye mkeka. Bibi ambaye tangu masika alikuwa hashuki kitandani bila kubebwa! Akaniuliza, “Nani amekuja?” Mama akanishika sikio akanivuta nyuma ya jiko. Nikamweleza yote, hata mlio wa simu. Alikuwa na ungo wa mchele mkononi, hakuuweka chini. Nikasubiri mwiko. Haukuja.

“Alikuuliza kama mwanawe aliacha watoto?”

“Aliuliza.”

“Ukasemaje?”

“Nikasema tumefika.”

Akapepeta mchele kidogo, akatoa jiwe, akalitupa. Kwa mbali tulikuwa tunamsikia Bibi anaomba chai. Mama akasema, bila kuniangalia:

“Akikuuliza tena, mwambie mjukuu wake yupo, ila mama yako bado ana kazi naye. Asihangaike kumfuata. Nikimaliza nitamleta mwenyewe.”